Kivumbasi cha mama

Jumatano

Na sikumgombeza. Mama Kevini, jirani yangu wa kutoka bara, alisimama uwani kwangu mikono imejaa udongo, anacheka. "Mama Rukia, naona unahangaika na mgonjwa, nikakung'olea magugu yote. Sasa hata nyoka hana pa kujificha!"

Yale magugu ni kivumbasi cha marehemu mama yangu, kimejaa maua. Huko kwao labda ni nyasi tu. Nikamwambia ahsante, Mungu akulipe. Ningesema nini, na moyo wake mweupe vile?

Alipotoka niliketi kwenye lile rundo nikachuma maua moja moja, yashaanza kunyauka. Harufu ni ile ile ya mama. Nikalia.

Nikayachemsha na majani yake. Rukia akainamia chungu, nikamfunika leso, akavuta mvuke. Kifua kimemkaba tangu Ramadhani. Dawa za hospitali anakunywa, lakini asipofukizwa halali mwanangu, na mimi hofu hainiishi.

Shada moja lilikuwa limekomaa mbegu. Nililiweka kando, nikasema hili nitapanda. Akakohoa tena, kile kikohozi cha kumkunja mgongo. Nikalitia nalo chunguni.

Akaniuliza chini ya leso, "Mama, na kesho utanifukiza?"

"Inshallah, mwanangu."

Sasa amelala, pumzi zake nazisikia zinakwenda taratibu. Ua wangu yeo ni safi kabisa, hauna hata ua moja.