Unga wa Arobaini Yako

Mama yangu,

Unga wa arobaini yako umeniweka roho juu tangu jana.

Unakumbuka ulivyoloweka muhogo mchungu mpaka ulainike wenyewe, kisha ukauanika hadi tukachoka kufukuza mbuzi? Ugali ukiiva, tonge la kwanza ulikula wewe, ukakaa kimya, nasi tumekodoa macho.

"Mama mlafi," nilikutania.

"Subiri, bwana mkubwa. Mimi nimeshaishi."

Sasa nafundisha kemia chuoni hapa Mtwara, miwani kichwani naitafuta mezani. Tumepata spektrofotometa mpya, mashine inayopima rangi kwa mwanga. Wanafunzi hufungia unga ndani ya kichupa pamoja na karatasi ya njano, mpaka kesho yake. Sumu ya muhogo ikiwemo, karatasi hugeuka kahawia, na mashine inasema ni kiasi gani. Nikawapelekea kijiko cha unga wa Somoe, mdogo wangu, nikijigamba: huu wa nyumbani, hauna neno.

Jana asubuhi karatasi ilikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Nikailaumu mashine. Binti mmoja akarudia kupima mbele yangu. Namba ile ile.

"Mwalimu, huu umeshaliwa?"

Bado. Ulikuwa unasubiri kisomo chako kesho, na kijiji kizima.

Nikampigia Somoe. "Muhogo ulikaa majini siku ngapi?"

"Usiku mmoja tu, kaka. Wageni wengi, kisima kimepungua."

"Usiupike."

"Mama aliusia ugali wa muhogo. Hiyo mashine yako imemjua lini mama?"

Nilimsihi aulowanishe unga, autandaze jamvini, safu nyembamba, sumu ipae na hewa. Akakata simu.

Lakini jioni kilifika kijiko kingine, kimefungwa kwenye pindo la kanga yako. Leo karatasi imebaki njano. Binti alisoma namba akatabasamu. Mimi nikampigia Somoe.

"Haya, profesa," Somoe amesema. "Ila tonge la kwanza utakula wewe, watu wote wanakutazama."

Nimekubali, mama. Kesho nitalimeza, nitakaa kimya kama wewe. Wajukuu zako waniite mlafi.

Mola akupe nafasi kubwa huko uliko.

Mwanao,
bwana mkubwa