Mama Amelala

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko ng'ambo, na kazi ya Bwana inasonga mbele. Sisi tupo, tunajikongoja.

Baba, nimeitwa. Usicheke. Mhubiri mgeni alikuja shuleni, akauliza nani yuko tayari kwenda kuhubiri hata mbali na kwao. Nilikuwa nyuma kabisa, kitabu mapajani, nikashtukia nimesimama. Darasa zima likaangua kicheko. "Bubu huyo! Atahubiri kwa ishara!" Ndilo jina walilonibandika, kwa kuwa siongei. Lakini sikukaa. Nikimaliza mtihani wa mwisho, nichukue nikusaidie huko. Naweza kufundisha watoto kusoma. Watoto siwaogopi.

Safari hii Mama hana salamu. Kifua kilimtesa wiki nzima, hata cherehani hakuigusa. Mchana huu amelala, kwa amani kabisa. Mama mdogo yuko nasi, usiwe na wasiwasi.

Ni mimi binti yako.

2 Machi

Binti yangu,

Bwana asifiwe. Mwili ni mzima, moyo umevunjika. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Mama amelala, karatasi ilinidondoka. Kanisa zima lilisimama kuniombea. "Pole mchungaji, amepumzika." Nilitamani kuja kuzika, lakini mtakuwa mmeshamaliza, na kazi hapa haina wa kumwachia. Mshukuru mama mdogo kwa niaba yangu.

Kuhusu wito wako, nimefurahi. Njoo. Sasa hakuna cha kukuzuia.

Baba yako.

19 Machi

Baba,

Shikamoo, u mzima? Baba, Mama yu hai! Nisamehe, kosa ni langu. Alikuwa amelala usingizi tu, usingizi wa mchana, mdomo wazi. Sikukumbuka kwamba sisi watu wa kanisa tukisema mtu amelala, tumeshamzika.

Nilipomsomea barua yako alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie marehemu anamsalimia! Muulize, nilililiwa vizuri, au walikuwa wanaangalia saa?" Halafu akaweka sindano chini. "Hakuuliza nimekufa kwa nini?" Nikamwambia labda ni uchungu ulikuzidi.

Tafadhali waambie kanisani, hata leo. Na lile neno lako la "njoo", bado lipo?

Binti yako.

27 Juni

Binti yangu,

Salamu katika Bwana. Natumaini masomo yanaendelea vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naomba. Namshukuru Mungu kwa uhai wa mama yako.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi wa tano nilifunga ndoa na mwalimu wa kwaya, mbele ya madhabahu, shangwe tupu. Sasa nipande mimbarani niseme nini? Kwamba mke wangu amefufuka? Waliookoka juzi watarudi walikotoka, na utakayeulizwa ni wewe uliyeandika. Neno ni lako. Mimi sikuongeza hata nukta.

Nafasi yako ipo. Watoto hapa hawana wa kuwafundisha kusoma. Mama yako wa huku amekwisha kukutandikia kitanda chumba cha nyuma. Ila ukija, uje yatima. Waumini watakupa pole. Ipokee.

Baba yako.

11 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima, sote wawili.

Nilitaka kuruka mistari, Mama akanishika mkono. "Soma yote. Mahubiri hayarukwi." Nikasoma. Safari hii hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Nenda. Kwa baba yako nimeshakufa. Nikifa na kwako, nitazoea."

Nitakuja, Baba, maana nimeitwa, na hakuna kitu nimewahi kukitaka hivi. Lakini mtu akinipa pole, nitamwambia mama yangu yupo, anashona sare za shule, na kifua kinamsumbua. Sitasema kwa ubaya. Ila siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha habari njema huku nimemzika mama yangu kwa mdomo.

Niandikie nije lini.

Binti yako, na binti wa Mama.

5 Agosti

Binti,

Salamu. Hali yako siulizi, maana Jumapili nimelitangazia kanisa kwamba homa imekuchukua. Walilia kuliko walivyomlilia mama yako. Niliwasimulia ulivyosimama darasani, mtoto asiyeongea, wenzake wakimcheka. Hata wanaume walipangusa macho. Vijana kadhaa walijitokeza papo hapo, wako tayari kwenda kuhubiri popote. Sijawahi kuhubiri nikapata mavuno kama hayo.

Darasa la watoto limepewa jina lako. Wameliandika juu ya mlango kwa rangi ya buluu, herufi nzuri tu. Kwa hiyo umeingia kwenye umisheni hata hivyo, na hakuna atakayekucheka tena.

Usiandike. Anayetuletea barua ni muumini wetu, naye alikulilia sana. Usimtishe.

Baba yako.