Waya za Simu za Muleba

Jumanne, 7 Novemba 1978
Chai kavu tena, sukari haipo. Simu ya Muleba imekufa. Waya zimekatwa mahali kadhaa kusini ya Kemondo. Jeshi linataka magari ya majeruhi, na Bukoba haimpati mtu yeyote upande ule. Bosi kanikabidhi mimi, mpelelezi mkongwe. Nimefurahi kama mtoto. Wiki nzima nimezunguka vijijini kuhimiza watu wafunike mabati kwa majani ya migomba, ndege za adui zisiyaone. Sasa nina kazi ya kweli.

Alhamisi, 9 Novemba
Kemondo. Mvuvi wa kisiwa cha Goziba, jina lake Masatu. Mfukoni koleo, begani waya ya shaba. Aliponiona akatimua mbio. Nilimfukuza katikati ya matenga ya dagaa, magoti yakilia, tukaangukia majini. Anasema waya kaiokota mgombani, kando ya barabara, na koleo ni la ndoana zake. Kihaya hajui. Nani atamwamini? Nilimpiga rungu mkononi. Ukavunjika. Bosi kanipongeza.

Ijumaa, 10 Novemba
Waya zimekatwa tena, na Masatu yuko mahabusu. Nilipaswa kushtuka. Nikasema ana wenzake. Wanajeshi watamchukua Jumatatu. Anayechukuliwa kwa ukibaraka siku hizi harudi.

Jumapili, 12 Novemba
Baada ya misa nilikwenda Muleba kumsalimu mama. Nyuma ya nyumba, chini ya majani ya migomba, rundo la waya za simu. Nikauliza za nani. Mama hakuwa na hofu hata chembe.

"Mwana wange, si wewe uliyesema kila kinachong'aa kifichwe? Mafundi waliweka mpya, zinawaka juani! Tumezishusha, kijiji kizima. Nyingine tumezitupa mgombani."

Akanikaribisha kahawa ya kutafuna. Nikaitia mfukoni, nikaondoka.

Aibu. Aibu tupu. Njia nzima nimewaza kunyamaza: Masatu achukuliwe, mama asiguswe, mimi nistaafu na heshima zangu. Niliwaza hivyo kweli, mimi, na rozari mfukoni.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimemwambia bosi kabla lori la jeshi halijafika. Agizo langu, mama yangu, rungu langu. Hakufoka. Kijijini katuma mafundi, si askari. Mimi kaniambia, "Nenda ukamfungulie mwenyewe." Afadhali angenitukana.

Masatu alipoona nashika ufunguo alijikunyata ukutani. Alidhani nimekuja kumalizia.

Jumanne, 14 Novemba
Nimemsindikiza hadi Kemondo. Mkono umefungwa, kasia hawezi kushika, wenzake watampigia. Nilimbebea kifurushi chake, hakukataa. Nikamwomba radhi mbele yao wote.

"Sina neno nawe, mzee," akasema. "Ila Goziba usije."

Nikamwambia sitakuja. Mtumbwi ukaondoka. Nilikaa pale ufukweni mpaka mvua iliponifukuza.