Datsun ya Helvi

Hyrynsalmi, 9 Novemba 1986

Kaka Armas,

Pokea salamu zangu na za Laina. Sisi ni wazima, ukiondoa mgongo wangu na ulimi wake. Wewe je? Kifua kimetulia? Marjukka na mumewe wanakulisha, au huko Sweden wanakupa majani kama sungura?

Sitazunguka. Nimeiua Datsun ya Helvi.

Baada ya mazishi ya mkeo uliponikabidhi funguo, ulisema: "Itazametazame, mwezi wa nne nitarudi niiendeshe." Nimelishikilia neno hilo. Kijiji kizima kinanong'ona kwamba hutarudi, kwamba mzee akishaenda kwa binti yake ndiyo basi. Mimi nawajibu kwamba mtu anayetaka gari lake liwe tayari ni mtu anayerudi, na asiyekubali aje tubishane. Kwa hiyo nilipoona rejeta inavuja, sikutaka mzaha. Kuipeleka gereji mjini nilikataa. Wale jamaa wa ovaroli safi wanabadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika, halafu wanakutazama kama wewe ndiye mchafu. Nikaitoa rejeta mwenyewe, nikaziba tundu, nikairudisha. Nikajaza maji matupu nione kama bado inavuja. Jioni ileile ningeyamwaga nitie dawa ya kuzuia kuganda.

Ndipo akina Sulo walipokuja mbio. Walikuwa wamejeruhi kulungu upande wa pili wa ziwa na walitaka mbwa wangu. Nikachomeka ule waya wa umeme wa kupashia injini joto kwenye nguzo ya soketi ya uani kwako, nikasema moyoni: itakaa na joto lake, nitaikuta. Nikaenda.

Waya niliuchomeka vizuri. Umeme ndio haukuwapo. Swichi kuu ya nyumba yako niliizima mimi mwenyewe mwezi wa tisa, kama ulivyoniagiza, na nilikuwa nimesahau.

Baridi ilishuka zaidi ya ishirini chini ya sifuri. Asubuhi nilipofungua boneti, barafu ilikuwa imetokeza ubavuni mwa injini, nyeupe, kama ulimi wa mnyama aliyekufa. Chuma kimepasuka. Ukucha unaingia kwenye ufa.

Laina alikuwa nyuma yangu.

"Hapa kwetu mtoto wa darasa la pili anajua maji yanafanya nini kwenye baridi," akasema.

"Nilichomeka waya!"

"Ulichomeka waya kwenye kijiti, mzee."

Sulo na genge lake sasa wananiita Fundi Barafu. Nimemwambia Sulo, afadhali mimi kuliko mwindaji anayempiga kulungu sikio halafu anaazima mbwa wa jirani.

Basi, niandikie. Nitukane uwezavyo. Nimekaa tayari.

Mdogo wako,
Taisto


Borås, 27 Novemba 1986

Mdogo wangu Taisto,

Barua yako imefika, ahsante. Hapa hatujambo. Afya ipo. Nakula, nalala.

Usijali kuhusu gari. Ni chuma tu. Chuma hupasuka.

Marjukka anashinda kiwandani. Mumewe Göran hajui Kifini, na Kiswidi changu ni cha kununulia mkate, kwa hiyo hatujagombana. Chini ya jengo kuna chumba cha kufulia nguo cha wapangaji wote. Huwa nashuka nakaa kwenye benchi. Nguo za watu nisiowajua zinazunguka, na kuna joto. Juzi mama mmoja aliniuliza kama nasubiri mashine. Nikasema ndiyo.

Theluji hapa ni kidogo, inayeyuka kabla haijawa kitu.

Msalimie Laina. Mwambie asikuseme sana.

Kaka yako,
Armas


Hyrynsalmi, 5 Desemba 1986

Kaka Armas,

Salamu sana. Tunaendelea vizuri, baridi imekaza, samaki wanapatikana chini ya barafu na Laina amekwisha nunua mishumaa ya dirishani kwa ajili ya siku ya uhuru kesho. Nakuombea nguvu ya mwili. Ya moyo ndiyo nataka tuizungumze.

"Usijali." Wewe ndiye uliyeandika neno hilo? Nilipokurudishia msumeno wako ukiwa na jino moja limevunjika, hukunisemesha kiangazi kizima. Tulivua samaki kwenye mtumbwi mmoja, ukawa unamtuma mbwa kwangu. Sasa nimekupasulia injini nzima kwa upumbavu ambao hata mbwa huyo angeuona, unaniambia chuma hupasuka! Ningependa kuonana na huyo anayeandika kwa mkono wako.

Mchungaji alinipa kijitabu nikutumie. Kinaeleza huzuni kwa hatua, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama maelekezo ya kuunganisha kabati. Mtu aliyekiandika hajawahi kuzika hata paka. Nimekitumia kuwashia moto wa sauna.

Sasa jambo zito. Kuna bwana kutoka Helsinki amekuja mara mbili kuitazama nyumba yako. Anasema wakala kamwambia huenda ukauza. Viatu laini, theluji hadi magotini. Alipima dirisha la sauna, akaniuliza kama mwezi wa saba ziwa lina utulivu.

"Lina mbu," nikamwambia.

"Na majirani?"

"Jirani ni mimi."

Akacheka. Alidhani ni utani. Hawa watu wanataka kijiji chetu kiwe cha wiki nne kwa mwaka, sisi wengine tukae hapa miezi iliyobaki kuwalindia mapazia. Shule imekwisha fungwa, duka linapumua kwa taabu. Ukiuza wewe, upande ule wa ziwa taa zote zitakuwa zimezimika, na nitakuwa natazama giza. Nasema wazi: sitaki uuze. Lakini nyumba ni yako, na ndiyo sababu nauliza. Nimjibu nini?

Kuhusu gari, kule Ristijärvi kuna Datsun nyingine kama hii, imetumbukia mtaroni. Bodi imekunjamana, lakini injini ni nzima. Nitaileta kwa kijigari cha theluji cha Sulo. Laina anasema, "Utaiua na hiyo." Hana imani. Mimi ninayo.

Niandikie, na uandike kama mtu.

Mdogo wako,
Taisto


Borås, 14 Januari 1987

Mdogo wangu Taisto,

Ahsanteni kwa kadi ya Krismasi na kwa soksi. Soksi zinanitosha. Tuko salama hapa, natumaini nanyi pia.

Krismasi ilipita. Tulikula paja la nguruwe. Nilijua ni la nguruwe kwa sababu walisema. Kahawa pia ni hivyohivyo, naiona ni nyeusi, naimeza. Daktari hajaona kitu. Ni kijana mpole.

Kuhusu nyumba, muuzie huyo bwana. Sina neno naye. Marjukka amepata chumba kwenye nyumba ya wazee wa Kifini hapahapa Borås. Kuna sauna siku ya Alhamisi na wanaimba nyimbo za kanisa. Nilikwenda kukiona. Dirisha linatazama maegesho. Kinafaa.

Gari lipeleke kwa watu wa vyuma chakavu. Usijisumbue na injini, baridi ni kali na mgongo wako haufai.

Vitu vya Helvi vilivyo kabatini Laina achague anavyotaka. Vilivyobaki sijui.

Sikukasirikii, Taisto. Nimejaribu kutafuta kama nimekasirika, sijaona.

Kaka yako,
Armas


Hyrynsalmi, 8 Februari 1987

Kaka Armas,

Heri na afya kwako. Laina anakohoa kidogo, mimi mgongo umenikunja kama bawaba, lakini tupo.

Nyumba sijauza. Karatasi sina na sizitafuti. Ukitaka kuiuza njoo uiuze mwenyewe, utie sahihi nikikutazama usoni. Yule bwana alipiga simu. Nilimwambia mwenye nyumba anafikiri. Ni uongo, najua, wewe hufikiri chochote siku hizi. Ndiyo maana nafikiri kwa niaba yako, na mtu asiniambie sina haki hiyo. Helvi angenipa.

Vitu vya kabatini Laina amekataa kuvigusa. Kasema, "Mimi si mnada."

Lakini nina habari njema, soma taratibu: Datsun inatembea!

Tuliinyanyua injini ya zamani kwa winchi kwenye boriti ya ghala lako. Sulo alishika kamba, anapiga domo muda wote. "Fundi Barafu, hii injini nayo tuipe blanketi?" Nikamwambia shika kamba, domo halishikilii chuma. Tukaiteremsha ya Ristijärvi. Boliti mbili zilikataa, nikazitukana kwa majina ya wabunge wetu, zikakubali. Dawa ya kuzuia kuganda alitia Laina mwenyewe. Alininyang'anya galoni. "Wewe kaa mbali na kitu chochote chenye majimaji," akasema, na akasimama pale mpaka rejeta ikajaa. Nikaunga betri. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Sulo alivua kofia. Sikutegemea heshima kutoka kwa Sulo.

Basi nikaingia ndani nikaijaribu. Kwanza nilisukuma kiti nyuma kabisa, maana Helvi alikuwa amekivuta hadi kwenye usukani, sijui mtu mzima alikaaje pale. Kilikuwa kimekwama kwa kutu, nikakipiga teke, kikaachia. Kioo nacho nilikinyoosha. Sasa mtu wa kimo cha kawaida anaweza kuendesha. Nilipita njia ileile ambayo Helvi alikuwa akisambazia barua za posta, nikaenda hadi dukani na kurudi, na watu walitokeza madirishani. Mama Keränen alifika hadi kwenye sanduku lake la barua, akasimama hapo na shali yake. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Gari liko tayari, kaka. Nimefanya nilichoharibu kikawa kizima. Sasa nawe timiza neno lako la mwezi wa nne.

Mdogo wako,
Taisto


Borås, 16 Februari 1987

Taisto,

Umesogeza kiti.

Nani alikutuma? Nani alikuambia ukiguse? Injini ungeipasua mara kumi. Ungelisukuma gari lote ziwani, ukalitoboa barafu, likazama, nisingekuandikia hata mstari. Umesogeza kiti!

Kilikuwa pale alipokiacha. Aliegesha uani akiwa na mfuko mtupu wa barua, akaingia jikoni akasema kifua kinambana, akakaa kwenye kiti changu. Sijafungua mlango wa gari lile tangu siku ile. Nilikuachia funguo ulizuie lisioze. Sikukuachia uketi humo na makalio yako hayo, upige teke, ujifanye dereva, uwapungie watu mkono kwenye njia yake! Na bado unashangaa Mama Keränen hakukupungia! Ulidhani alitoka kukutazama wewe?

Na kioo. Pumbavu kabisa. Mimi nikikaa pale nilikuwa naona viti vya nyuma tu, yeye aliona barabara yote. Kila Jumapili tukienda kanisani niliendesha nikiwa nimekunjwa, magoti yanagonga usukani, nanung'unika, naye pembeni ananiambia, "Kunja miguu, Armas, wewe si korongo." Sikukisogeza hata mara moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu Jumatatu asubuhi angekikuta si mahali pake, na kelele zake ungezisikia ng'ambo ya ziwa. Miaka yote ile nilivumilia maumivu ya magoti, halafu unakuja wewe, bwege mkubwa, unakipiga teke na kuniandikia ni habari njema!

Göran ameniletea maji. Ameniambia neno kwa Kiswidi, nikamfokea kwa Kifini, na nadhani ameelewa. Marjukka analia jikoni kwa sababu nimepiga meza na kikombe kimeanguka. Sijui kama analia kwa ajili ya kikombe. Mwache alie. Hata mimi nalia, na barua hii ikifika imelowa usimwambie Sulo.

Sikiliza. Usikiguse tena. Usijaribu kukirudisha, hujui kilipokuwa. Laina hajui. Hakuna anayejua isipokuwa magoti yangu.

Jumatano ya wiki ijayo napanda meli Stockholm hadi Turku, na Ijumaa jioni treni itanifikisha Kajaani. Njoo na gari lako. Datsun ibaki ilipo, milango imefungwa. Yule wa viatu laini mwambie akapime madirisha ya mama yake. Chumba cha wazee nimekikataa leo asubuhi, wakaniuliza sababu, nikawaambia nina jirani mshenzi.

Usiniambie pole njiani. Pole nimezisikia za kutosha hadi nife.

Na treni ikisimama, kaa mbali kidogo na mlango wa behewa. Sijui nitafanya nini nikikuona.

Kaka yako,
Armas