Nilimtania Mjukuu Wangu Siku Aliyoniomba Msaada

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, jambo ambalo sidhani, na kama hujanizidi basi marahaba, mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, fundi cherehani, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu na mimi hatukupendana, kwa hiyo ukiona nimekosea herufi usinisahihishe, nisaidie tu.

Naishi na mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na tisa, mama yake, ambaye ni binti yangu, alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mtoto akawa anajiumiza mikono kwa makusudi, nami nikachelewa kujua maana ananisaidia kupinda nguo, nikadhani ni pini za kazini. Nilipojua nikafanya ninachokiweza, nikamshonea magauni manne ya mikono mirefu, kazi safi kabisa, ili watu wasione, na kila asubuhi nikawa namsogeza dirishani penye mwanga namwambia kunja mikono ya gauni nikague, kama ninavyokagua mshono kabla mteja hajaja, nikikuta hakuna kitu namsifu, nikikuta kipo nanuna mpaka mchana.

Muuguzi mmoja akampeleka kwa mama wa hospitali ambaye kazi yake ni kuongea, hachomi sindano, hatoi kidonge, nami nikambandika jina la Mama Porojo, nikawaambia wateja kama kuongea ni tiba basi marehemu mke wangu alikuwa hospitali ya rufaa. Lakini baada ya miezi mitatu mtoto akaanza kula vizuri, hata kuimba akiwa mashineni. Alipewa daftari, moyo ukimvuta ajiumize aandike kimetokea nini, amewaza nini, na hamu ina nguvu kiasi gani kati ya sifuri na kumi, kisha amwambie mtu aliyemchagua, wakae pamoja mpaka ishuke.

Mshauri, alinichagua mimi.

Jumanne iliyopita, dukani wamo wateja watatu, akanisogelea akaninong'oneza, "Babu, imefika nane." Na huu mdomo wangu ukiona watu unawashwa, nikasema kwa sauti, "Nane? Hesabu hukuwahi kupata nane, leo umepata." Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Akaweka kitambaa chini taratibu, akaingia chumbani. Nilipomfuata alikuwa ameshajiumiza. Tukafunga kidonda kwa kitambaa safi cha dukani.

Tangu siku hiyo haendi kwa yule mama, daftari kalifungia kabatini, mimi ananijibu ndiyo na hapana. Yule mama amepiga simu, anataka Alhamisi twende wote wawili. Sasa nikakae mbele ya mwanamke aliye sawa na binti yangu kwa umri nimwambie nini, mimi bila utani sina neno, hata siku tulipomzika binti yangu nilikuwa nawachekesha waombolezaji, na mtoto huyu ananitazama. Niende, au nitazidi kuharibu?

Babu Fundi

*

Babu Fundi, shikamoo. Pole kwa kufiwa na binti yako. Nadhani watu wengi walisahau kukupa pole, maana ulikuwa unawachekesha.

Sasa kaa nikuseme. Mjukuu wako si gauni, acha kumkagua, anza leo. Mikono mirefu ilimwambia kwamba shida ni watu kuona, si yeye kuumia. Na hiyo unayoiita porojo ni kazi ngumu: anajifunza kuitambua hamu inapoanza, kuitaja, na kuivumilia mpaka ipite, kwa sababu hupanda na hushuka. Jumanne alikuja kukwambia kabla hajajiumiza. Tiba ilikuwa imefanya kazi, Babu, mpaka ilipofika kwako.

Usikate tamaa, kuteleza si kurudi mwanzo. Kabla hujafungua duka kesho, mwombe msamaha kwa maneno machache, bila kichekesho mwishoni. Usimwapishe kwamba hatarudia, atabaki kukuficha tu. Kubalianeni nyote wawili mikasi na vyenye makali vifungiwe wapi. Siku akikuletea namba tena, watoe wateja, funga mlango, kaa naye kimya mpaka aseme yeye. Na akitamka kwamba anataka kufa, au jeraha likiwa baya, usingoje Alhamisi wala usimwache peke yake, mpeleke hospitali papo hapo.

Alhamisi nenda. Mjukuu akikataa, nenda peke yako, na wiki inayofuata mwalike tena. Unauliza utasema nini. Simulia siku mliyomzika binti yako, kama ilivyokuwa ndani yako, naye mjukuu awepo anasikia. Maneno yakikwama, lia. Hajawahi kukuona ukilia, na huenda muda wote huu anadhani katika nyumba hiyo aliyefiwa ni yeye tu.