Umeme Ubaki Nje ya Boksi

Jumanne, 1 Julai 2025

Same. Upepo, vumbi. Nilikuja kuandika habari za ukame, nimeishia karakana ya mhandisi Asteria, nyuma ya soko. Anaunda kaushio la tangawizi. Joto ni la mkaa. Umeme unazungusha feni tu. Kikundi cha Mama Ernesta, Myamba, kitachukua makaushio yake — yakiwa na alama ya usalama, na kabla ya mavuno. Mashine yao ya kwanza ilipiga shoti, banda likaungua. Hawataki kusikia ahadi.

Alhamisi, 3 Julai

Ugomvi wa heshima leo. Umeme wa kaushio ulipita kwenye transfoma aliyoisuka Fanueli, baba yake mdogo. Kazi safi, nyaya zimelala kama ukili. Asteria kaing'oa! Kaweka adapta ya dukani, inakaa nje kwenye soketi. Ndani ya boksi zinaingia volti 24 basi.

Fanueli: yaani nimeshindwa na plastiki?

Asteria: yako ni bora, baba mdogo. Ila hiyo ya dukani imeshapimwa na ina cheti. Yako nitaanza kuipima upya, jaribio kwa jaribio, mpaka tangawizi ioze.

Mzee akaipangusa transfoma, akaondoka nayo kwapani.

Jumatano, 9 Julai

Adapta ya kwanza: alama inang'aa, muuzaji hana cheti. Kaikataa. Ya pili: cheti anacho, lakini haikupimwa kwa joto la bandani. Kaikataa pia. Ya tatu ndiyo. Nimehoji wahandisi wengi. Sijaona anayekataa kwa raha hivi.

Jumamosi, 19 Julai

Myamba. Ukungu. Siku ya ukaguzi wa mwisho wa alama ya usalama. Tumekuta msaragambo umeanza, kijiji kizima kinakata tangawizi kwa pamoja. Kaushio tulilotanguliza wameliweka karibu na wakataji, mbali na soketi. Kwa hiyo mtu mwema kaukata waya wa adapta, kaunga kipande, kafunga nailoni. Nadhifu kweli!

"Tumekusaidia, mwanangu. Ulisahau urefu," Mama Ernesta anamwambia.

Asteria hakupaza sauti. Waya ukikatwa, mama, adapta siyo ile waliyoipima. Cheti hakipo tena.

Gari la mkaguzi linanguruma kona ya chini.

Katoa adapta ya akiba mkobani, nzima. Kaunyoosha waya. Haufiki.

"Basi umeme hausogei," kasema. "Linasogea kaushio."

Fanueli — hakuna aliyemwalika — kainama wa kwanza. "Msaragambo si ndio huu? Shikeni!"

Mkaa haujawashwa, nashukuru. Visu chini, mabega juu. Mkaguzi kaingia kaushio likiwa hewani. Linakwenda wapi? anauliza.

"Kwenye soketi," Mama Ernesta kajibu, anahema. "Shika pembe hiyo, mwanangu, usitazame tu."

Mkaguzi kaitazama pembe. Kalitazama faili lake. Analihamishia kwapani, mkono unaifuata pembe.