Safari ya Kumkabidhi Karani

Jumanne, 4 Juni

Kosa la watu wengi wanapompa mtu mbwa ni kudhani kwamba mbwa hupokewa mkononi, kama sufuria. Wanamkabidhi mwenzao kamba, wanampigapiga mbwa kichwani, wanaondoka bila kugeuka. Kesho yake mbwa kakata kamba. Keshokutwa yuko kwenye lango la zamani, au kagongwa barabarani akilitafuta. Halafu watu wanasema mbwa yule alikuwa mkaidi! Mkaidi wapi. Hakuna aliyemweleza jambo kwa lugha anayoielewa.

Mbwa hajui hati ya umiliki. Anajua nani hufungua mlango asubuhi, nani humwaga maji ya jana na kutia mapya, nani hukohoa vipi. Mambo hayo hayaendi na kamba. Yanataka watu wakae pamoja. Ndiyo maana nilipokubali kuhamia kwa binti yangu – ghorofa ya nne, mbwa hawaruhusiwi, na magoti yangu yamechoka kuishi na mimi peke yao – nilimwambia Fundi: usije kumchukua mbwa wangu Karani. Njoo utuchukue sote. Tupite njia ndefu, na tukifika kwa binti yangu awe ameshakuwa wako.

Kwa sababu ikishindikana, kuna ghala mtaani kwa binti yangu, na msimamizi wake anatafuta mbwa. Mbwa wa mnyororo! Karani, ambaye hajawahi kufungwa hata kwa uzi.

Basi tumeondoka leo. Fundi alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu; alitengeneza mabasi mpaka akastaafu, na sasa nyumbani kwake hana mtu wa kumwambia pole. Gari lake ni la zamani kuliko binti yangu. Lina vitanda viwili, jiko la gesi, mapazia, na paa linaloinuliwa kama kifuniko cha sanduku; usiku yeye hulala kwenye hema dogo nje. Alilinunua kuku wakiwa bado wanataga kwenye usukani. Tunaliita Kobe: limebeba nyumba yake na halina haraka na mtu.

Wifi yangu naye yumo, muuguzi mstaafu, na mbwa wake Shangazi – miguu mifupi, tumbo linafagia, pua kwenye mambo ya kila mtu. Kabla hatujatoka mjini akauliza kama tunakwenda kumwoza Karani. Fundi akajibu kwamba kama ni ndoa, mbona bwana harusi, yaani yeye, hajaulizwa kama amempenda bibi harusi huyu mwenye meno.

Karani alikaa mapajani pangu njia nzima. Mbwa mkubwa kama ndama!

Jumatano, 5 Juni

Mpango ni huu: chakula chote kitoke mkononi mwa Fundi. Maji pia. Kamba pia. Mimi nikae kando, nisimsemeshe sana, nisimfukuze. Kumfukuza ni kosa jingine – mbwa anayefukuzwa hubembeleza zaidi, kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Jioni tuliegesha karibu na kiwanda cha matofali, mlinzi katuruhusu. Fundi akakata nyama vizuri, vipande sawasawa, akachuchumaa. Karani akala yote. Akalamba bakuli. Akanyoosha mgongo. Kisha akaja moja kwa moja kwangu na kuulamba mkono wangu usiokuwa na kitu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wahenga hawakumjua Karani.

“Shemeji,” Fundi akasema, bakuli bado mkononi, “mimi nimetoa nyama, wewe umepewa asante!”

Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nilicheka. Lakini nilipokuwa napiga mswaki niliona kwamba nilikuwa na furaha kupita kiasi kwa mtu ambaye mpango wake umekwama.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua tangu alfajiri. Tumebaki tulipo, uwanjani nyuma ya kituo cha mafuta. Paa limeinuliwa, madirisha yameota ukungu, chai juu ya jiko, watu watatu na mbwa wawili walioloa ndani ya chumba kisichozidi bafu. Harufu! Na bado sikumbuki lini nilikaa vizuri hivi. Fundi anarekebisha bawaba ya kabati. Wifi anatusomea gazeti kuukuu lililokuwa limefunga vikombe, anasoma matangazo ya vifo kama mtu anayetafuta majina ya wadeni wake.

Niandike na hili, maana hapa hakuna wa kudanganywa. Wakati wa chai nilishusha ukoko wa mkate chini ya meza. Mdogo tu. Ulipokelewa.

“Wifi,” akasema yule mwanamke bila kuinua macho kwenye gazeti, “huo mkono umepotelea wapi?”

“Najikuna goti.”

“Goti lako limeota mkia siku hizi?”

Fundi hakucheka. Alifuta bisibisi yake kwa kitambaa, akaifuta tena, ikiwa safi. Halafu akasema kwa upole kabisa: “Shemeji, darasa moja halifundishwi na walimu wawili kwa wakati mmoja. Wewe ndiye uliyeniambia hivyo.”

Ni kweli, nilimwambia mimi. Nilimweleza kirefu, na mifano juu. Ni rahisi sana kueleza.

Nimehamia kiti cha dirishani, mbali na meza.

Jumapili, 9 Juni

Kobe amegoma kilimani. Mkanda wa feni umekatika – paa! – moshi kidogo, kimya kikubwa. Fundi alishuka kwa uso wa mtu aliyeletewa zawadi. Akafungua injini nyuma, akanionyesha: mkanda huu huzungusha feni, feni hupoza injini, bila mkanda injini inajipika yenyewe. Nikauliza maswali mengi. Napenda mtu anayeeleza vizuri.

Alikuwa na mkanda wa akiba, lakini wa gari jingine. Wifi akamwambia, fundi gani huyu, ni kama muuguzi aliyebeba sindano ya ng'ombe. Ikabidi aende kwa miguu hadi gereji tuliyoipita. Akachukua kofia. Akachukua kamba. Karani akanitazama.

Niligeuka nikashughulika na sufuria. Nilipotazama tena walikuwa wameshafika kwenye kona, wawili, mmoja anachechemea kidogo, mwingine anapunguza mwendo ili wawe sawa. Hakuna aliyemfundisha kupunguza mwendo. Kwangu alijifunza; magoti yangu.

Walirudi baadaye sana, jua limeshavuka utosi. Karani ana grisi kwenye sikio. Kanipita! Kaenda kunywa maji kwenye bakuli ambalo Fundi alikuwa bado hajalitua. Kisha akajilaza kivulini, karibu na zile buti chafu, wakati mkanda unafungwa.

Nilitaka nini? Hili hili. Nimefundisha baiolojia karibu maisha yangu yote, na siku niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile mwanafunzi anapoacha kuniita nije nimsaidie kuona kwenye darubini, kwa sababu ameshaona mwenyewe. Leo nimeipata siku ileile, nami nimenuna, nikamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Wifi alikuja akaketi. Akachukua kisu cha pili, tukamenya pamoja. Usiku tumekula mchuzi wa vitunguu na wali. Mtamu, kwa kweli.

Jumanne, 11 Juni

Barabara nyororo, upepo mzuri, mashamba pande zote. Karani amelala nyuma ya kiti cha dereva kutwa nzima. Shangazi ndiye amenilalia miguuni. Si wangu, lakini joto ni joto.

Malori yanatupita na honi za salamu. Hata trekta limetupita. Fundi anaimba, sauti mbaya, maneno sahihi.

Sina la kuongeza. Nimeridhika.

Jumatano, 12 Juni

Tumefika.

Kabla ya kuingia mjini tulisimama kujaza mafuta. Wifi alikuwa anawatembeza mbwa. Fundi akaegemea mlango, akasema alichokuwa hajakisema safari nzima. Kwamba anaogopa. Hajapata kufuga hata paka. “Ananivumilia tu, shemeji. Kama abiria na dereva. Tukifika, anashuka.”

Nilitaka kumweleza kuhusu mazoea, jinsi yanavyojengeka bila kelele. Nikaona si wakati wa somo. Nikamuuliza tu: yeye mwenyewe, anamtaka? Akasema asubuhi huamka mapema siku hizi, kwa sababu kuna mtu anayemsubiri.

Mtu, amesema. Si mbwa.

Binti yangu alitupokea chini, kwenye maegesho, na viatu vya nyumbani. Akanikumbatia, akamwamkia shangazi yake, akambebesha Fundi mito ambayo hakuiomba. Chumba changu kina dirisha kubwa na meza. Ameweka taa ya kusomea. Nitakaa vizuri hapa, naliona hilo.

Tukiwa jikoni akanong'ona: “Mama, yule wa ghala amepiga simu tena. Anataka kujua kesho mchana kama mbwa anakuja au achukue wa mtu mwingine.”

Nikamwambia: “Atajua kesho mchana.”

Karani amelala na Fundi, ndani ya Kobe. Mlango ulifungwa. Hakulia. Mimi ndiye niliyeshuka ngazi mara moja kuhakikisha.

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi. Naandika nikiwa kwenye ngazi ya chini, mbele ya jengo, daftari gotini.

Tumeshaagana. Wifi alinishika mashavu kama mtoto, akasema nisimsumbue binti kwa maelezo, jengo hili lina wasomi wengine. Yupo kitini mwake, Shangazi dirishani. Fundi alinipa mkono wa grisi, akasahau kuufuta. Karani alipanda mwenyewe. Akapanda! Niliona kwa macho yangu. Fundi akawasha injini.

Ndipo Karani akaelewa kwamba mimi sipandi.

Ameruka nje kabla mlango haujafungwa. Akaja mbio, akafika katikati ya maegesho, akasimama. Nilikuwa nimeshafungua daftari hili ili macho yangu yawe na mahali pa kwenda, maana mbwa husoma macho kabla ya maneno. Hakufika kwangu. Akakaa chini pale pale, kwenye mstari mweupe, kati ya magari mawili ya watu.

Fundi amezima injini. Amesema injini hii haipendi kungoja ikiwa moto, na kwamba hata hivyo hana kikao leo. Ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa Kobe, miguu nje. Hapigi mluzi. Hatikisi bakuli. Anafunga kamba za buti zake ambazo hazijafunguka.

Juu, dirisha la ghorofa ya nne limefunguliwa. Binti yangu ameshika simu, ananitazama. Nimemwashiria kwa kalamu: bado.

Karani ananitazama mimi. Mkia umetulia. Lakini Fundi alipokohoa sasa hivi, kile kikohozi chake cha asubuhi, sikio moja likageuka nyuma, na halijarudi.

Ulimi wangu unalo jina lake. Linatosha kumleta hapa.

Leo, ulimi, usimwite.